Kilichokuwa Chini ya Rangi Nyekundu

Fundi alirudi kutoka duka la vifaa na kopo la dawa ya kutoa rangi, jua likizama, akamkuta mwanamke amesimama mlangoni pa karakana yake. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Karibu, dada. Umeniletea mgonjwa?" Fundi alitania. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia mtu siku hiyo.

Mwanamke hakucheka. Alifungua shuka. Ndani mlikuwa na mwili wa gitaa la umeme, hauna shingo wala nyuzi, umepakwa rangi nyekundu nzito. Akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa: *Toa rangi yote, mpaka mbao. Nitarudi kesho saa kama hii.*

"Rangi hizi za zamani ni ngumu, dada. Si kazi ya kukurupuka..."

Mwanamke alimbana mkono kwa nguvu, akaondoka. Kumbe ni bubu, maskini, Fundi akawaza, akamwonea huruma.

Aliweka maji jikoni, kikombe kimoja. Miezi minane sasa, tangu mkewe azikwe, ilikuwa kikombe kimoja. Kisha akafanya alichokifanya kila jioni. Alichukua simu, akabonyeza.

"We kinyozi wa mbao! Acha hayo magitaa uje ule, chakula kinapoa! Ukichelewa nakula na nyama yako!" Halafu kicheko, na mfuniko wa sufuria ukigonga.

Sekunde kumi na moja za sauti ya mkewe. Hakuwa na nyingine.

Asubuhi alianza kazi, akaanza vibaya. Marehemu Mzee Msasa, aliyemfundisha ufundi, alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kabla hujagusa gitaa, fungua kifuniko cha nyuma usome, maana mafundi huandika humo kwa penseli walichofanya. Ya pili, ukikwangua, funga mdomo. Wanafunzi walidhani anaogopa vumbi. Miaka yake miwili ya mwisho Mzee Msasa hakusema neno, watu wakasema ni kiharusi.

Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeshika kutu. Fundi akasema atazifungua baadaye.

Dawa haikung'ata. Alipaka mara tatu, rangi ikamtazama tu. Akawasha mashine ya kupuliza hewa ya moto, akaielekeza sehemu moja hadi nyekundu ikavimba, akaingiza skrepa ya kukwangulia. Ikabanduka.

Harufu ikamjia. Haikuwa ya rangi inayoungua. Ilikuwa ya mdomo wa mtu, uliofungwa muda mrefu.

Chini ya nyekundu kulikuwa na nyeusi. Chini ya nyeusi, nyeupe. Zote zimepakwa ovyo ovyo, kwa brashi ya ukutani, hata nywele za brashi zimeganda humo. Fundi gani anapaka gitaa kwa haraka namna hii?

Aligonga mbao kwa kidole, kama kawaida yake.

Ko.

"Mh," mbao ikaitika.

Fundi akacheka. "Nawe upo? Haya, tupige soga." Upweke ulishamzoesha kuongea na vitu. Alilisimulia gitaa habari za dari inayovuja, za jirani aliyehama, za kitanda kilivyo kikubwa siku hizi. Kadiri alivyoongea ndivyo koo lilivyokauka. Vumbi hili, alijisemea.

Mchana aliweka simu juu ya gitaa, akabonyeza. Sauti ya mkewe ilikuwa ya mbali. Akarudia. Ikafifia zaidi. Simu nayo imezeeka, akawaza, akarudi kwenye skrepa.

Alasiri kipande cha mwisho cha nyeupe kilidondoka. Mbao ilibaki uchi, ya kahawia, ina joto. Mashine alikuwa ameizima kitambo...

"We kinyozi wa mbao."

Skrepa ikamponyoka.

"Umekonda," sauti ikasema, taratibu. "Nani anakupikia?"

Maneno hayo hayakuwa kwenye simu. Fundi hakuogopa. Aliweka sikio kwenye mbao akalia, kwa furaha tupu, kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha sana.

"Hakuna," alijibu. Sauti yake ilitoka kama msasa. "Hakuna mtu, mke wangu."

Akanyakua simu ili azisikie sauti zote mbili, ya mbao na ya simu. Akabonyeza.

Mfuniko wa sufuria ukagonga. Basi. Sekunde kumi na moja, na mfuniko peke yake.

Hapo ndipo alipozikumbuka skrubu. Alizifungua kwa nguvu hadi mbili zikakatika. Ndani mlikuwa na maandishi ya penseli, hati za mikono mitatu tofauti. Mbili zilikuwa zimefutika. Ya tatu aliijua kabla hajaisoma, kwa ile herufi ya kwanza iliyolala. Mzee Msasa.

*Linachukua sauti. Usiongee karibu nalo. Rangi hulinyamazisha. Nimelifunika haraka. Yangu haikurudi.*

Rafuni palikuwa na kopo la rangi nyeusi. Fundi alilifungua, akachovya brashi, akainama.

"Unanifunika?" mkewe akauliza. "Tena?"

Brashi ikasimama hewani. Tone moja likaanguka sakafuni. Fundi alirudisha brashi kwenye kopo, akaketi, akaikumbatia mbao ile. Alikuwa ameshaamua: gitaa hili haliendi popote. Atamwambia yule dada limeungua, limepasuka, vyovyote vile.

Nje jua lilikuwa linazama. Mlango ukabishwa.

Mwanamke aliingia, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mbao iliyokuwa mapajani mwa Fundi. Alisikiliza muda mrefu. Machozi yakamtoka huku akitabasamu. Naye bila shaka alikuwa na mtu wake humo, ila alichokisikia yeye, Fundi hakukisikia.

Kisha akanyoosha mikono kulichukua gitaa.

Fundi alifungua mdomo. Hapana, alitaka kusema. Mke wangu yumo humu.

Hakikutoka kitu. Hata mkwaruzo.

Ila kwenye mbao, sauti ya kiume ilikohoa kidogo. Nzito, changamfu, ya mtu anayejua kupokea wateja. Ilikuwa yake.

"Chukua tu, dada. Kazi imekwisha."

Mwanamke akamtazama usoni, kwa huruma ileile ambayo Fundi alimwonea jana. Akalivuta. Fundi alilishikilia, lakini vidole vilikuwa vimechoka kwa kukwangua kutwa nzima, vikaachia kimoja kimoja. Shuka likafungwa. Mlango ukafungwa.

Alimfuata hadi barabarani. Watu walikuwa wakipita, naye hakuweza kumwita hata mmoja. Mwanamke alikuwa anafika kwenye kona, na kutoka ndani ya shuka Fundi akasikia, wazi kabisa:

"Njoo ule, chakula kinapoa!"

"Nakuja, mke wangu," sauti yake ikajibu. "Nakuja."

Wakacheka wote wawili, wakakata kona.

Fundi alirudi ndani. Akaweka maji jikoni, kikombe kimoja. Akachukua simu, akabonyeza, akausikiliza mfuniko.