Kiti cha Abiria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mnuno aliifuta pikipiki ya shangazi yake kwa kitambaa chenye maji, na kila asubuhi waligombana. Jina hilo alipewa na shangazi huyohuyo, kwa sababu mtoto akiudhiwa midomo humtangulia kufika mlangoni. Kiti kilikuwa kimechakaa, sehemu ya abiria imeinamia mbele. Breki ikishikwa, Mnuno aliteleza akamgonga shangazi mgongoni, na shangazi akamrudishia kwa kiwiko. Walikuwa paka na panya waliolazimishwa kupanda chombo kimoja.

Siku moja, mbele ya lango la shule, shangazi alisema kwa sauti kwamba amechoka kubeba mzigo usiojua kukaa. Wanafunzi wakacheka. Mnuno aliingia darasani akiwa amemchukia kabisa.

Jioni hiyo wakaenda kwa fundi wa viti. Bibi, mama yake shangazi, alikuwa na kidonda mguuni kilichopaswa kusafishwa zahanati kila wiki, na kiti kile cha zamani kilikuwa kimemshinda. Fundi alikuwa na desturi yake: hashoni ngozi mpaka dereva na abiria wakae pamoja juu ya sponji tupu. Shangazi akakaa mbele, akataka sponji gumu kidogo kwa ajili ya kiuno chake. Ndipo fundi akamuuliza Mnuno kama huko nyuma anakaa vizuri.

Hakukaa vizuri hata chembe. Nyuma bado kulikuwa kumeinamia mbele. Lakini alikitazama kisogo cha shangazi, akajiambia kwamba huyu naye acha apate hasara.

"Sawa tu," akasema.

Fundi akamuuliza tena, akajibu vilevile. Ngozi ikashonwa.

Jumamosi Bibi alipandishwa pikipiki kwenda zahanati. Hawakufika mbali. Kwenye mteremko, breki iliposhikwa, Bibi aliteleza na mguu mbovu ukabanwa. Akarudi nyumbani akichechemea, akaapa kwamba ni heri mguu uozee kitandani kuliko kupanda tena kitu kile. Mnuno aliona damu kwenye bendeji, akaona haya.

Shangazi, akifoka njia nzima, alimvuta Mnuno hadi kwa fundi awe shahidi wake. Alimwita fundi mvivu na tapeli mbele ya wateja. Fundi naye hakukubali, akamwambia aondoke na matusi yake. Mteja mmoja akachukua kiti chake, akaenda zake. Mnuno akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, fundi hana kosa. Aliniuliza mara mbili. Nilisema sawa, na haikuwa sawa."

"Kwa nini?"

"Uliniita mzigo. Watu wakanicheka."

Shangazi alishusha sauti. Akamwomba fundi radhi, kwa shida, kama anayemeza dawa chungu. Kisha akamgeukia mtoto.

"Neno lile lilikuwa baya, nimekosa. Lakini mdomo wa kuniambia ulikuwa nao. Ulitaka kunikomoa mimi, ukamuumiza bibi yako na kumharibia fundi jina."

Mnuno akamwomba fundi msamaha. Fundi akafumua nyuzi, akaongeza sponji, akawakalisha tena na kumuuliza Mnuno.

"Bado," Mnuno akasema. "Nateleza."

Shangazi aliguna. Fundi akaongeza tena, akasawazisha kwa kisu, mpaka Mnuno akatulia bila kujishikilia.

Bibi alibembelezwa, akapanda. Mteremko uleule, breki ileile, na safari hii akafika zahanati. Aliporudi na bendeji mpya alikuwa ameshasimuliwa yote. Akamwita mjukuu wake karibu.

"Ukitaka kununa, nuna," akamwambia. "Midomo ni yako. Ila ukiulizwa, sema kweli, maana hujui nani atakuja kukalia jibu lako."