Posa Bila Kinyosha-Ulimi

Kinyosha-ulimi kilikuwa kijipande kidogo kuliko punje ya mtama, nacho kilipachikwa ndani ya kila kompyuta mpakato iliyotengenezwa baada ya mwaka 2080. Mtu alisema kama alivyojaliwa kusema, na kabla sauti haijasafiri, kijipande kikaondoa kikohozi, hasira na zile "yaani" zisizo na kazi. Upande wa pili ikasikika sauti ya msoma taarifa ya habari. Kwa Mhina Shemndolwa, fundi wa mitambo katika kituo cha anga kilichoizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, kilifanya kazi ya ziada. Mhina alikuwa na kigugumizi. Hidaya wa Korogwe, aliyejuana naye kwa kompyuta miaka mitatu, hakuwa na habari hiyo.

Asubuhi ya siku ya posa, mfumo wa Stawi uliokuwa ukiendesha kompyuta ya Mhina ulimtangazia kwa adabu kubwa kwamba mashine yake imezeeka, na hautafunguka tena. Mhina hakuhuzunika. Kusema kweli alifurahi, maana alikuwa mwanachama wa siku nyingi wa chama cha watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, na kompyuta hii ya kazini ndiyo pekee ambayo alikuwa hajapata sababu ya kuisimikia. Chama hicho kina kanuni moja: kabla ya kusimika, iwashe Linux kutoka kwenye flashi kwanza, uone kama inavitambua vifaa vyako vyote. Wanachama humfundisha kila mgeni kanuni hiyo, na wenyewe hawaifuati. Mhina alifuta mfumo wa zamani wote, akasimika Linux huku akipiga mluzi.

Mfumo ulisimama vizuri. Kibodi ilitii, mtandao ukashika. Betri ilidai ina asilimia mia nne na kumi na mbili, naye akaamua kulipokea hilo kama baraka. Kamera ilimwonyesha kichwa chini, miguu juu. Kinyosha-ulimi ndicho hakikutambuliwa kabisa: "Kifaa kisichojulikana."

Mluzi ukakatika. Kila kifaa kinahitaji kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuuelewesha mfumo namna ya kukitumia, na mtengenezaji wa vinyosha-ulimi hakuwahi kumpa mtu maelezo yake. Mhina akawaandikia wenzake wa chama. Wa kwanza alijibu, "Kwangu kinafanya kazi." Wa pili aliuliza kama anatumia toleo kama lake. Wa tatu alisema toleo hilo ni la watoto, na hao wawili wakaanza kugombana, shida ya Mhina ikasahaulika hapohapo.

Kwa desturi mposaji hasemi, husemewa na mshenga. Lakini binti mkubwa wa Mzee Kaniki, baba yake Hidaya, aliwahi kuposwa na programu iliyotumwa na kijana ambaye, alipoulizwa, hakukumbuka kuituma. Tangu hapo mzee aliweka sharti: mposaji aseme haja yake kwa kinywa chake, na binti awepo amsikie.

Saa nne kamili Mhina alipiga simu ya picha. Mshenga wake, Shangazi Mwanahamisi, alikuwa peke yake sebuleni kwa wenyeji.

"Sh-shangazi, naonekanaje?"

"Unaning'inia kama popo," alinong'ona shangazi. "Geuka, baba, kabla hawajaingia."

Kituoni hapakuwa na uzito, kwa hiyo hapakuwa na juu wala chini. Mhina alijipindua, akachomeka miguu kwenye vishikizo vya dari, akaibana kanzu kwa utepe wa gundi isimfunike uso. Kule Korogwe akaonekana kijana wa heshima, ameketi wima.

Wenyeji waliingia, salamu zikaenda, shangazi akaeleza ujio. Mzee Kaniki akaigeukia kompyuta. "Sasa mwenyewe aseme. Kijana, umekuja kwetu kutafuta nini?"

"Na-na-na-na…"

Mzee akainama, akagonga spika mara mbili. "Mtandao unakatika."

"Ni huko juu, bwana," alidakia shangazi. "Sauti inafika kwa taabu. Mimi nitamsemea."

Njia ilikuwa wazi. Mhina alihitaji kutikisa kichwa tu. Alimwona Hidaya kando ya mama yake, anaitazama kompyuta kwa wasiwasi, anaihurumia mitambo. Mhina aliona aibu, na alikuwa amechoka kuona aibu.

"S-s-si mtandao, baba. Ni m-mimi. Nina ki-kigugumizi tangu utotoni. K-kompyuta ilikuwa inanificha. N-n-naomba kumwoa Hidaya."

Ilimchukua karibu dakika nzima. Shangazi alikuwa anatazama sakafu.

"Miaka mitatu," alisema Hidaya, kwa ile sauti laini aliyoizoea Mhina. "Miaka mitatu nilikuwa naongea na nani?"

"Na m-mimi. Ma-maneno yalikuwa yangu."

Hidaya akainuka, akaisogelea kompyuta ya pale sebuleni, akabonyeza kukizima kinyosha-ulimi chake. Aliposema tena, sauti iliyomfikia Mhina ilikuwa ya kukwaruza, ya haraka, maneno yanasukumana, na kubwa kiasi kwamba spika ya Mhina ilitetemeka.

"Basi na mimi ndiye huyu."

Mzee Kaniki akashusha pumzi. "Sauti hiyo ndiyo inayotuamsha nyumba nzima, mwaka wa ishirini na sita huu," alimweleza shangazi.

Mhina akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hidaya hakucheka.

"Posa yako sijaikubali," alisema, na shangazi akashika kifua. "Wala sijaikataa. Lakini waliochumbiana hapa ni vinyosha-ulimi viwili, sisi hatujuani. Nipigie kesho, kwa kompyuta hiyohiyo. Ukienda kukitafutia kiendeshi, usinipigie tena."

Mhina alitaka kusema sawa. Neno likakwama mwanzoni kabisa, akalianza upya, likakwama tena. Mzee Kaniki alishafungua kinywa amsaidie. Hidaya akamshika baba yake mkono, na wote sebuleni wakasubiri.