Spana Namba Kumi na Saba

Mlio wa kwanza ulikuwa mdogo, kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Wa pili ulipiga kama nyundo. Kisha kitu kikapasuka chini ya boneti, moshi ukafunika kioo kizima, na pikapu kuukuu ya marehemu baba ikajikokota hatua chache, ikasimama juu kabisa ya mteremko, katikati ya jangwa lisilo hata na mbuzi.

"Imezimika?" shangazi akauliza.

Vidole, binti wa marehemu, alikuwa ameshaingia uvunguni. Mafuta meusi yalimwagika mchangani, na ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Hii si ya kutibu, shangazi. Ni ya kuzika."

Jina la Vidole alipewa na mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi aliyemlea kazini. Vidole vyake vyembamba vilifika kwenye boliti ambazo mikono minene ya mjomba haikuzifikia. "Bila Vidole mimi ni kilema," mjomba alipenda kuwaambia wateja. Juma la msiba wa baba, ni yeye aliyeifungua injini ya gari hili na kuifunga upya, peke yake, akimwambia mpwa wake akae ndani na mama yake. Na safari hii ya kumhamishia shangazi vyombo na mabomba ya chuma ya kujengea banda, ni yeye aliyeiongoza. Alfajiri alikuwa amehamisha madumu yote matatu ya maji na kuyapakia kwenye gari lake, pikapu ya aina ileile.

"Lenu limelemewa," alisema. "Mimi natangulia. Nitawasubiri korongoni."

Walibakiwa na chupa mbili za lita moja na nusu.

Shangazi alikinga macho kwa kiganja. "Lile kule chini si gari lake? Kumbe ametusubiri kweli."

Vidole alitazama. Mwisho wa mteremko, ndani ya korongo kavu, gari jeupe lilikuwa limechomeka pua mchangani, mkia juu.

Aliweka gia huru, akaachia breki. Gari likaanza kuteleza polepole, kisha likashika kasi, mabomba yakigongana juu ya paa. Bila injini, breki ilikuwa ngumu kama ukuta. Vidole aliikanyaga kwa miguu yote miwili huku shangazi akivuta ya mkono na kumtaja Mungu. Walisimama hatua kumi kutoka gari la mjomba.

Ekseli ya mbele ilikuwa imevunjika, tairi limelala kama mguu uliotenguka. Madumu mawili yalikuwa yamepasuka. La tatu halikuwepo. Mjomba pia hakuwepo.

Nyayo zake zilionekana wazi. Zilipanda ukingo wa pili, kuelekea mjini, kilomita sitini mbele. Upande waliotoka wao hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Labda amekwenda kututafutia msaada," Vidole alisema.

"Labda," shangazi akajibu, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto kwamba paka wake amesafiri.

Kutembea hakukuwezekana, magoti ya shangazi yasingemaliza hata kilomita tano. Vidole aliingia katika gari la mjomba, akazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara moja, laini. Akaizima upesi, kwani rejeta ya kupozea injini ilikuwa imepasuka na maji yake yote yameshanywewa na mchanga.

"Hili moyo mzima, mguu umevunjika," alisema. "Letu mguu mzima, moyo umekufa."

"Basi hamisha moyo," shangazi akasema, kama anayeagiza balbu ibadilishwe.

Nyumbani kazi hiyo hufanywa chini ya paa la bati, kwenye sakafu ya saruji. Hapa walikuwa na mchanga na jua. Walichukua mabomba matatu, wakayafunga vichwa kwa kamba ya mizigo na kutanua miguu, kila mguu wakauwekea jiwe bapa usizame. Juu wakaning'iniza winchi ya mjomba, ya mnyororo wa kunyanyulia injini. Hakuwahi kusafiri bila winchi hiyo. Zamu hii alikuwa ameiacha. Dumu la maji alilobeba lilikuwa na uzito wa kutosha.

Vidole alianza na injini iliyokufa. Alitoa boneti, akaondoa rejeta na kukinga maji yaliyosalia kwenye sufuria ya shangazi, akachomoa mipira na nyaya. Zikabaki boliti zinazoishika injini na giaboksi. Ile ya juu kabisa, nyuma, haionekani, hupapaswa tu. Alipeleka mkono na spana namba kumi na saba, kwa mazoea. Ikazunguka bure.

Alijaribu kumi na nne. Ikashika.

Akatoa boliti nyembamba iliyovalishwa wosha nene, kipete cha chuma, ili tundu kubwa lisiichezeshe. Aliikodolea macho, kisha akaitia mfukoni.

Jua lilipozama injini mbovu ilikuwa imelala mchangani. Walikunywa vifuniko viwili viwili vya chupa, wakalala kwenye viti. Kulipokucha tu waliihamishia ile miguu mitatu ya mabomba kwenye gari la mjomba. Vidole alipeleka mkono palepale, nyuma, juu. Kumi na nne ilikataa. Akachukua kumi na saba.

Ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Alikuwa na miaka kumi na tano alipoiharibu boliti ya pale kwa kukaza kupita kiasi. Alilia, akidhani ameua gari la baba. Mjomba alicheka, akatoboa tundu kubwa zaidi, akafunga boliti nene. "Hii ndiyo sahihi yako, Vidole," alimwambia. "Hata injini hii ikiibiwa, tutaijua."

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Hii ni injini ya baba. Mjomba alizibadilisha."

Shangazi alitazama gari hili, akatazama lile. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliketi juu ya dumu lililopasuka.

"Juma la msiba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai. Na sukari nikimwongezea!" Akatema mate makavu. "Wanasema damu nzito kuliko maji. Leo mwenye maji aje, nambadilishia."

Vidole alicheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Hakulilia injini. Alililia zile siku za msiba alizokaa ndani akimshukuru Mungu kwamba wana mjomba.

"Usilie sana," shangazi akasema kwa upole. "Unamwaga maji."

Wakafanya kazi. Injini iliponing'inia, mguu mmoja wa bomba ulizama, ikayumba na kumbana Vidole kidole cha kati hadi kucha ikang'oka. Shangazi alichana upindo wa gauni lake, akamfunga, akashika mnyororo mwenyewe. Hadi saa sita injini ilikuwa imekaa mahali pake pa zamani, na boliti nene imerudi kwenye tundu lake.

Ikabaki rejeta. Maji ya sufuria hayakufika hata nusu. Chupa ya mwisho ilikuwa haijafunguliwa.

"Nikimimina humu, hayanyweki tena," Vidole alisema. "Yatachanganyika na kutu na mafuta. Na kama haitawaka..."

"Nani kaifunga?"

"Mimi."

"Mimina."

Maji yalishuka yakigugumia. Wote wawili walimeza mate yasiyokuwepo. Zamu ya kwanza, injini ilikohoa. Ya pili, kimya. Ya tatu ikanguruma, na sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikimtangulia baba nyumbani kila jioni. Shangazi aliziba uso kwa viganja.

Baada ya kilomita thelathini waliona dumu limetupwa kando ya njia, tupu. Mbele kidogo, kwenye kivuli cha karavati, daraja dogo la maji ya mvua, alikaa mtu mwenye kifundo cha mguu kilichovimba. Aliisikia injini kabla ya kuwaona. Hakupunga mkono. Aliinamisha kichwa.

"Pita," shangazi akasema.

Mguu wa Vidole ulikuwa umeshaacha kukanyaga mafuta.

"Nilidhani itafika," mjomba alisema, midomo imepasuka. "Wallahi, Vidole, nilidhani itafika. Ningewaeleza..."

"Panda nyuma. Sizimi gari."

Walifika mjini jua likiinama. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu aliwaletea maji, na madereva wakakusanyika kutazama: gari lisilo na boneti, injini imefungwa kwa mikono yenye damu.

"Mlibadilisha huko huko mchangani?" dereva mmoja wa lori akauliza. "Binti, nani kakufundisha kazi?"

"Mjomba wangu."

"Huyo ni fundi! Yuko wapi nimpe mkono?"

Nyuma ya pikapu, mzee mwenye kifundo kilichovimba alishusha kikombe chake na kungoja. Vidole alimtazama, kisha akafuta spana namba kumi na saba kwa kitambaa na kuitia mfukoni.

"Sijui," alisema. "Tulipotezana njiani."