Neno la Kwanza kwenye Jiwe la Rasoa

Kila jioni baada ya masomo, Jepchumba alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani Kiplombe. Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Hapo Fundi Kiplimo alichonga mawe ya makaburi. Aliacha shule akiwa darasa la nne, lakini herufi zake zilinyooka hivi kwamba watu walitoka mbali kama Moi's Bridge kumletea kazi. Kiswahili alikisoma vizuri. Kiingereza kilipomshinda alimwuliza binti yake, maana Jepchumba alikuwa wa kwanza katika somo hilo tangu aingie Gredi ya Saba.

Sifa hiyo ilimpanda kichwani. Mwanafunzi aliyekosea darasani alichekwa, na kicheko kilianzia kwake. Aliyeumia zaidi ni Naliaka. Siku moja Naliaka alisoma neno "island", yaani kisiwa, jinsi lilivyoandikwa, "izilandi", na kabla ya kipindi kwisha akawa amelisahihisha. Jepchumba alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya dawati. Tangu siku hiyo Naliaka alipoteza jina lake, akawa Izilandi. Hata alipofiwa na mama yake, akarudi shuleni baada ya wiki mbili akiwa amenyolewa nywele, waliendelea kumwita hivyo. Jepchumba akaongeza kwamba sasa kisiwa hakina hata mti mmoja. Darasa zima likaangua kicheko, na Naliaka akafunika kichwa chake kwa sweta.

Miezi michache baadaye, Mzee Wanyonyi, babu yake Naliaka, alifika karakanani akiwa na karatasi. Alitaka jiwe la kaburi la binti yake, Rasoa. Kwa kuwa hakujua kusoma, maneno aliandikiwa na mwanawe anayefanya kazi Nairobi. Fundi alimwahidi kwamba jiwe lingekuwa tayari kabla ya ibada ya ukumbusho ya Jumamosi.

Jepchumba alipoingia jioni, alimkuta baba yake ameinamia karatasi ile. Kulikuwa na jina la marehemu, Rasoa Nafula, miaka yake, na maneno "Mama aliyetupenda". Juu kabisa palikuwa na neno moja la Kiingereza: INSCRIBE.

"Jepchumba, hili la kwanza ni nini?" baba aliuliza.

Jepchumba hakuwahi kuliona neno hilo. Kamusi ilikuwa mkobani mwake. Lakini rafiki zake wawili walikuwa mlangoni wakimsubiri, naye hakutaka wamwone akifungua kamusi.

"Ni neno la heshima," alisema. "Kama vile kusema marehemu."

"Una hakika? Naweza kumpigia Mzee simu, amwulize mwanawe."

"Hakuna haja, baba. Kila mtu aliyesoma analijua."

Baba alimwamini. Alichonga siku mbili, na kwa kuwa ni neno la heshima, alilichonga kwa herufi kubwa kuliko zote.

Jumamosi watu wengi walikusanyika nyumbani kwa Mzee Wanyonyi. Baada ya maombi, shuka lililofunika jiwe likatolewa. Watu wakasogea kusoma, kisha kijana mmoja akacheka. Alikuwa Mulongo, binamu yake Naliaka aliyesoma shule ya upili. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Hilo lilikuwa agizo kwa fundi," akasema. "Maana yake ni chonga. Jamaa ameandika 'Chonga Rasoa Nafula'."

Kicheko kikapita kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Wengine waliinua simu wakapiga picha. Mzee Wanyonyi aligeuka huku na huku akiuliza kuna nini, na hakuna aliyemjibu. Naliaka alisimama kando ya kaburi la mama yake, ametazama chini.

Mwishowe Fundi Kiplimo alivua kofia yake. "Kosa ni langu, Mzee," alisema. "Sikujua kusoma vizuri."

Hakumtaja binti yake. Hata hakumtazama. Jepchumba alikuwa nyuma ya pikapu iliyoleta jiwe, akajificha hapo mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Jumatatu picha ilikuwa imeenea kila mahali. Mtu mmoja aliandika INSCRIBE kwa makaa kwenye mabati ya karakana. Mteja kutoka Moiben alikuja kuchukua karatasi yake, akasema anatafuta fundi aliyesoma. Baba alifuta makaa kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Nyumbani alikula, akaenda kulala. Jepchumba angependa agombezwe, lakini baba hakumgombeza.

Shuleni walimwita mtoto wa Inscribe. Na kuhusu Naliaka waliambiana kwamba mama yake amelala chini ya kosa la Kiingereza. Mwalimu Rukia, aliyewafundisha Kiingereza, aliingia darasani akalikuta neno hilo ubaoni. Hakulifuta.

Aliwaeleza kwamba hilo ni neno rasmi, ambalo mtu hulikuta zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo ya sokoni. Maana yake ni kuandika au kuchonga maneno mahali yatakapodumu: juu ya jiwe, ndani ya pete, kwenye kikombe cha washindi, au ukurasa wa kwanza wa kitabu unachomzawadia mtu. Akaandika mifano miwili. "Her name is inscribed on the cup," jina lake limechongwa kwenye kikombe. "The cup is inscribed with her name," kikombe kimechongwa jina lake. Kisha akaweka chaki chini.

"Nani kati yenu alilijua neno hili kabla ya Jumamosi?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi mnamcheka nani?"

Jepchumba alisimama. "Baba aliniuliza mimi," alisema. "Sikulijua, nikamdanganya."

Naliaka aligeuka. "Ulijua ni jiwe la mama yangu?"

"Nilijua."

Naliaka akamwomba mwalimu ruhusa ya kuhamia dawati la nyuma.

Jioni ile Jepchumba alikiri yote kwa baba yake, hata habari ya jina Izilandi, na wote wawili wakaenda kwa Mzee Wanyonyi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilisimama mbele ya kaburi la mwanangu nikiuliza watu wanacheka nini," alisema. "Sitakuambia kwamba si kitu. Lirekebisheni jiwe."

Walilirudisha karakanani na kuligeuza. Upande wa nyuma ulikuwa na mikwaruzo, na kazi ya kuulainisha alipewa Jepchumba. Alisugua kwa msasa na maji jioni tano, mpaka ngozi ya vidole ikabambuka. Siku ya sita Naliaka alikuja kukagua maneno yaliyochorwa kwa penseli kabla ya patasi kugusa jiwe. Jepchumba alimwomba msamaha kwa ajili ya jiwe, na kwa ajili ya jina alilompa.

"Nimesikia," Naliaka alijibu, akamgeukia fundi kumwambia kwamba maneno ni sawa.

Jiwe lilisimamishwa tena bila umati. Mzee Wanyonyi alipitisha kiganja juu ya herufi huku Naliaka akimsomea. Neno lile la kwanza lilibaki upande wa nyuma, likitazama shamba la mahindi, kwa sababu lilikuwa limechongwa kwa kina kiasi kwamba halikuweza kufutika.

Njiani kurudi, baba ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Miaka ishirini nimewaambia wateja, hili silijui, nisomee. Sijawahi kuaibika kwa hilo. Nilikuja kuaibika kwa sababu ya mtu aliyejifanya anajua. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha katafute. Na mtu akikosea mbele yako, mwonyeshe palipo sawa. Naliaka alikosea neno moja, akalisahihisha siku hiyohiyo. Wewe ulimcheka mwaka mzima."