Kadi ya Rafu ya Juu

Skrini ilipepesa mara tatu, ikazima, ikarudi. Basi, ni hilo tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, na kompyuta yenyewe haikuwa imemaliza hata siku moja tangu Fundi akaze skrubu ya mwisho.

"Imenikonyeza," mkewe alisema. "Zawadi yako haina adabu."

"Waya umelegea huo," Fundi akajibu.

Huyu mke mtaa mzima ulimwita Chiriku, na hawakumwonea. Aliongea akipika, aliongea akipiga mswaki, na usingizini alimalizia hadithi alizozianza mchana. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na hakuna alichokipenda duniani kama sauti ya mkewe ikimfuata kutoka chumba hadi chumba. Ndiyo maana alimuundia kompyuta ile. Chiriku alikuwa amepata kazi ya kusoma vitabu na kuvirekodi kwa ajili ya shule ya wasioona. Hatimaye mdomo wake ulikuwa umepata ajira.

Kesho yake ikaja mistari, myembamba, ya kijani, ikishuka kwenye skrini kutoka juu hadi chini. Fundi akabadilisha waya. Mistari. Akaazima skrini ya jirani. Mistari. Akachomoa ramu za kumbukumbu, akazisugua meno kwa kifutio cha penseli kama mafundi wote wafanyavyo, akazirudisha. Mistari ile ile. Na lililomkera zaidi ni kwamba akikaa yeye, skrini ilitulia, safi kabisa. Akikaa Chiriku, mistari inarudi.

"Ina jambo na mimi hii," Chiriku alisema, ila safari hii hakucheka.

Siku ya tatu, adhuhuri, alimwita mumewe kwa sauti ya chini. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Fundi aangushe bisibisi, maana Chiriku hakuwa na sauti ya chini.

"Simama hapo hapo mlangoni," alinong'ona. "Usije. Niambie unaona nini."

Kwenye skrini, nyuma ya ile mistari, ilionekana sebule yao. Pazia lao, meza yao, na Chiriku ameketi, kisogo chake kikionekana wazi. Kompyuta ile haikuwa na kamera. Na nyuma ya kiti cha Chiriku, kwenye skrini, alisimama mtu mrefu aliyeinamisha kichwa kwa kuwa dari halikumtosha, mkono wake mmoja umenyooka hadi kwenye koo la mwanamke. Fundi akahamisha macho kwenye kiti chenyewe. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Inuka," alisema. "Polepole."

"Ananipumulia, mume wangu. Tangu asubuhi. Nilidhani ni feni ya kompyuta."

Hapo Fundi naye akaisikia, na alipoisikia akatamani asingeisikia, kwa sababu feni ile haikuwa inavuma kama feni, ilikuwa inavuta pumzi na kuishusha, inavuta na kuishusha, na kila ilipoishusha ilitoka harufu ya nywele zilizoungua, na katikati ya pumzi hizo kulikuwa na kigugumizi kidogo cha kitu kinachojaribu kutamka neno na hakina ulimi wa kulitamkia. Akamvuta mkewe hadi kwenye korido, akampigia simu Mama Solda, mwanamke aliyemfundisha kazi.

Mama Solda hakuuliza mengi.

"Kadi ya picha umeitoa wapi?"

Fundi akamtazama mkewe.

"Nakuuliza wewe."

"Rafu ya juu."

Karakana ya Mama Solda, alikofanyia kazi Fundi, ilikuwa na sheria moja: mashine ambayo mwenyewe hakuifuata hupandishwa rafu ya juu, na haichomolewi kitu mpaka mwenyewe apatikane. Moja ilikuwa imekaa huko miaka minne, na ndani yake kadi ya picha nzuri kuliko zote, ile inayopeleka picha kwenye skrini. Fundi aliitaka kwa ajili ya mkewe. Alimpenda, sikatai, lakini mapenzi hayampi mtu ruhusa ya kugusa vya watu.

"Aliyeileta nilimpokea mimi," Mama Solda alisema. "Hakusema mashine inaumwa nini. Alisema tu kwamba mke wake haongei tena. Sasa nisikilize. Kutafuta ubovu nilikufundisha vipi?"

"Kutoa kimoja kimoja. Shida ikihama, umempata mwizi."

"Basi huyo naye ni vivyo hivyo. Hafi, anahama. Wewe hakutaki, angekutaka ungeshajua. Zima, chomoa kadi, iweke sakafuni. Sakafuni, umenisikia? Atakayeipokea kutoka mkononi mwako, amempokea yeye. Nakuja."

"Kaa nje," Fundi alimwambia mkewe.

"Nikuache na hilo peke yako? Thubutu."

Akamfuata mumewe sebuleni, akapiga magoti kando yake, anaongea mfululizo, kwa kuwa woga wake nao ulitokea mdomoni: ya jirani, ya kitabu alichofika sura ya pili, ya chai iliyopoa. Fundi akazima umeme. Feni ikaendelea kupumua. Akafungua kasha, akabana kishikizo, akavuta, na kadi ikagoma, akavuta tena huku harufu ikimjaa kooni na kile kigugumizi kikikaribia kuwa neno, kikikaribia kabisa kuwa jina la mtu aliyepiga magoti pembeni yake, mpaka kadi ikachomoka ghafla, ya moto, na pumzi ikakatika.

Ukimya. Na katika ukimya ule mkono wa Fundi ukafanya ulichozoea. Miaka kumi karakanani, kadi haiwekwi chini hata siku moja, vumbi na umeme wa zulia vitaiua, na ni Mama Solda huyo huyo aliyemchapa vidole mpaka akajifunza. Kadi hupewa aliye jirani.

"Shika kingoni," alisema.

Chiriku akaipokea.

Mama Solda alipoingia, Fundi alikuwa amewasha umeme tena na kuchomeka waya wa skrini kwenye tundu la mashine yenyewe, lisilohitaji kadi, picha imetulia, haina hata mstari mmoja. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Imepona, Mama."

Mama Solda hakuitazama skrini. "Kadi iko wapi?"

Ndipo Fundi alipogundua kwamba ni muda sasa nyumba ilikuwa kimya. Akageuka. Chiriku alikuwa bado amepiga magoti, ameishika kadi kingoni kama alivyoambiwa.

"Mke wangu," akamwambia. "Sema kitu. Sema chochote."

Chiriku akapepesa macho mara tatu. Yakazima, yakarudi. Kisha akafungua kinywa, na ndani yake ile feni ikaanza kupumua.