Kete Moja ya Bi Hindu

Kila alfajiri, baada ya kusali, Bi Hindu alihamisha kete moja. Alikuwa na mabakuli mawili ya udongo kwenye rafu, kando ya mtungi wa maji, na kete kumi nyeupe zilizolainika kwa kushikwashikwa. Kete ilitoka bakuli la kushoto ikaingia la kulia, na siku moja ikawa imehesabiwa. Zikihama zote kumi, alizirudisha kushoto, kisha akatunga ushanga mmoja kwenye uzi. Shanga zikitimia thelathini na sita, aliongeza siku tano, na kesho yake ikawa Siku ya Mwaka. Siku hiyo watu wa Matondoni walishuka pwani kuoga kabla ya jua kuchomoza, kisha wakala pamoja.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini. Kila aliyetaka kujua mwaka umefika wapi alikwenda kumwuliza Bi Hindu. Mjukuu wake Hadia, msichana wa miaka kumi na miwili, alimwona akihamisha kete kila siku wala hakuona ajabu yoyote. Kwake yeye ilikuwa kama kumwona mtu akifagia ua.

Jumanne moja, katika mwaka wa pili wa Uhuru, Hadia aliitwa nyumbani kutoka darasani. Alimkuta bibi yake kajifunika shuka mbili, anatetemeka kwa homa.

"Mwanangu," Bi Hindu alisema kwa sauti ndogo, "kuanzia kesho kete ni kazi yako. Moja kila asubuhi, kabla ya chai. Usisahau."

"Sitasahau, Bibi."

Na kweli, Jumatano hakusahau, wala Alhamisi. Lakini Alhamisi hiyo hiyo, Mwalimu Nyaguthii aliingia darasani na gazeti mkononi. Mwalimu huyu alitoka Nyeri, na gazeti lake lilimfikia siku nyingi baada ya kuchapishwa. Yeye alilisoma kwa furaha ile ile kana kwamba limetoka asubuhi.

"Sikilizeni," alisema. "Huko ng'ambo kuna tuzo wanazopewa watu wa mataifa yote. Hawapewi kwa kazi ya siku moja, bali kwa kazi ya umri mzima. Wako wanaotuzwa kwa sayansi, wako wa ufundi wa mitambo, wako wa falsafa. Mmoja wao ni mzee aliyepima nyota kwa miaka arobaini."

"Falsafa ni nini, Mwalimu?" aliuliza Jeilani, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Ni kuuliza maswali mpaka wenzako wachoke."

"Basi mimi nipewe tuzo kesho!"

Darasa zima liliangua kicheko, na Mwalimu akacheka pia. Kisha akawaambia kila mmoja aandike insha juu ya mtu wa Matondoni anayestahili tuzo kama hiyo. Mtu atakayeandikwa vizuri kuliko wote ataalikwa Jumatano ya kufunga shule, avishwe shingoni koja la maua ya asumini na kupewa cheti.

Miaka arobaini! Hadia alihisi moyo wake umeruka. Kumbe bibi yake na mzee wa nyota walikuwa watu wa kazi moja! Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alianza Ijumaa, na siku zilizofuata aliamka akiwa na sentensi kichwani, akaikimbilia kalamu kabla hata ya kunawa uso. Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Kwa miaka arobaini, bibi yangu hajapoteza hata siku moja."

Jumatatu jioni aliinua macho kutoka kwenye daftari na kuitazama rafu. Bakuli la kulia lilikuwa na kete nne.

Zilionekana chache mno. Alikumbuka vizuri kete ya Ijumaa. Je, ya Jumamosi aliihamisha? Na ya Jumapili? Je, ya leo? Alijaribu kukumbuka, lakini kila asubuhi ilikuwa imejaa insha tu. Bibi alikuwa amelala ndani, homa bado haijampoa. Hadia aliogopa kumwamsha, na aliogopa zaidi kumwambia. Alichukua kete moja akaiongeza. Zikawa tano, za kubahatisha.

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukabishwa. Alikuwa Bwana Mahmud, mwandalizi wa karamu ya Siku ya Mwaka.

"Hodi! Bi Hindu mgonjwa, najua, sitamsumbua. Wewe mjukuu niambie, zimebaki siku ngapi?"

Hadia alizihesabu shanga na kete. "Kumi na moja, Bwana. Itakuwa Ijumaa ya wiki ijayo."

"Ijumaa! Alhamdulillahi!" Bwana Mahmud alifurahi hadi Hadia akatamani ardhi immeze. "Kesho natuma habari Kizingitini, jamaa zetu wote waje."

Tangu hapo Hadia hakula akashiba. Alihamisha kete moja kila asubuhi, na kila moja ilimsuta. Ijumaa Mwalimu aliingia darasani akitabasamu na kusoma insha moja kwa sauti. Alipofika pale pa "hajapoteza hata siku moja," alivua miwani na kuifuta.

"Tuzo ni ya bibi yake Hadia," alisema.

Wenzake walipiga makofi. Jeilani alimpigia mbinja. Hadia aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye dawati.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Hindu amekaa kitandani anakunywa uji. Homa ilikuwa imemwacha.

"Mbona mato mekundu, mwanangu?"

Hadia alipiga moyo konde, akamwambia yote: kete, insha, Ijumaa ya Bwana Mahmud. Alingoja kukaripiwa. Bi Hindu aliweka bakuli la uji chini.

"Mwaka aliozaliwa mamako," alisema, "mimi nilipoteza siku tatu."

"Wewe, Bibi?"

"Mimi. Nilikuwa na uchungu wa uzazi, kete zingenijia wapi kichwani? Nilipopata nguvu nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiuliza, mpaka nikazipata siku zangu. Niliona haya, lakini niliuliza. Haya, na tuzitafute na hizi zako. Asubuhi ile niliposhikwa na homa nilikuwa nimetia ushanga wa thalathini na tano. Ilikuwa siku gani? Jumanne au Jumatano?"

Hadia hakuwa na hakika. Kisha akakumbuka kwamba siku hiyo aliitwa kutoka darasani. Alikimbia hadi kwa Mwalimu Nyaguthii, akakiri mbele yake pia. Mwalimu alifungua rejista na kumwonyesha kwa kidole: Jumanne, Hadia ameruhusiwa, bibi mgonjwa.

Akarudi kwa bibi yake, wakahesabu pamoja. Tangu Jumanne ile hadi leo zilikuwa siku kumi kamili. Bakulini mlikuwa na kete tisa. Siku moja tu ndiyo iliyopotea, na Siku ya Mwaka ilikuwa Alhamisi.

Kwa Bwana Mahmud, Hadia alikwenda mwenyewe. Mzee alikunja uso. "Na Kizingitini nimeshawaambia Ijumaa!" Kisha akapumua. "Kuna chombo kinachokwenda kesho. Nitatuma tena. Ungengoja hadi Alhamisi yenyewe mchana ndipo uniambie, mimi na wewe tungezungumza mengine."

Jioni hiyo Bi Hindu alitunga ushanga wa thelathini na sita huku Hadia ameshika uzi.

Jumatano ukumbi wa shule ulijaa. Hadia alisoma insha yake, lakini ile sentensi aliyoipenda alikuwa ameifuta. Badala yake alisoma: "Bibi yangu amehesabu siku kwa miaka arobaini. Ziko alizozipoteza, akazitafuta. Mwaka huu moja niliipoteza mimi nikaificha, na yeye akanisaidia kuitafuta."

Mwalimu alimvisha Bi Hindu koja la asumini. Bibi alilinusa, kisha akauliza, "Mwalimu, huyo mzee wa nyota, alikosea mara ngapi?"

"Gazeti halikusema, Bi Hindu."

"Basi limeacha habari kubwa."

Watu walicheka. Mwalimu Nyaguthii aliwageukia wanafunzi. "Mmemsikia? Kukosea hakuharibu kazi ya umri mzima. Kuficha kosa ndiko kunakoiharibu, kwa sababu anayekuja nyuma hatajua pa kusahihisha. Hadia, insha yako ya kwanza ilikuwa nzuri. Hii ni ya kweli, na ndiyo inayostahili tuzo."

Alhamisi alfajiri, wageni wa Kizingitini wakiwa wamefika wote, kijiji kilirudi kutoka pwani nguo zikiwa zimelowa. Bi Hindu alivuta uzi, shanga zote zikateleza kikapuni, na rafu ikawa tayari kwa mwaka mpya. Akachukua kete moja na kuitia kiganjani mwa mjukuu wake.

"Bibi, mimi tena?"

"Wewe. Sasa najua ukiipoteza utaniambia."

Hadia aliiweka kete katika bakuli la kulia, kabla ya chai.