Mtoto wa Nsya

Wakati wa mvua, Oliva na shangazi yake Dorosela huenda kuchuma uyoga kila Jumamosi. Wanaishi kijijini, nje kidogo ya Makambako, jirani na msitu wa miombo uliohifadhiwa. Wanakijiji wanaruhusiwa kuchuma uyoga na matunda ya mikusu, lakini hakuna ruhusa ya kukata mti wala kuchukua mnyama.

Jumamosi moja shangazi aliamka na mafua, hivyo Oliva alikwenda na rafiki yake Rejoice. Ardhi ilikuwa bado mbichi, na uyoga wa rangi ya chungwa ulikuwa umechomoza chini ya miti. Karibu na mninga mkubwa, Oliva alimwona mtoto wa nsya, yule swala mdogo wa vichakani, amejikunyata majanini. Hakukimbia.

"Maskini, mama yake amemtupa," alisema Oliva.

"Mwache! Utatuletea matatizo," Rejoice alimwonya.

Oliva hakusikia. Alimviringisha kwenye kitenge chake akaenda naye nyumbani.

Mtoto wa nsya alikataa maziwa. Alitetemeka tu, macho yamemtoka.

"Umemtoa wapi?" shangazi aliuliza.

Oliva aliogopa. "Nimemkuta pembeni ya shamba letu la mahindi."

Shangazi alimwita Bwana Fidelis, mlinzi wa msitu.

"Tumrudishe pale pale alipookotwa," alisema Fidelis. "Mama yake atamtafuta hapo hapo, si kwingine."

Akambeba kuelekea shambani. Shangazi na Oliva walimfuata. Walipofika kwenye mahindi, alishindwa kuvumilia.

"Baba, si hapa! Nimedanganya. Nilimtoa msituni, karibu na mninga mkubwa."

Fidelis akageuka. "Haya, tuongoze."

Walimlaza majanini, wakajificha mbali, nyuma ya kichuguu. Walisubiri mpaka Oliva akaanza kukata tamaa. Mara kichaka kikatikisika. Nsya jike akatokea, akanusa hewa, akamsogelea mwanawe na kumlamba. Mtoto akasimama kwa shida, akanyonya.

Oliva alifuta machozi.

"Hakutupwa," Fidelis alinong'ona. "Nsya humficha mtoto anapokwenda kula. Huruma yako ni nzuri, Oliva, ila uliza kwanza. Na ukikosea, sema kweli mapema. Tungemwacha kule kwenye mahindi, angekufa kwa njaa huku mama yake akimtafuta hapa."

"Nimeelewa, baba. Nisameheni."

Shangazi akamshika mkono. "Tumekusamehe. Sasa twende polepole, tusiwashtue."